Watu Arobaini na Mmoja

Lifti ilisimama ghorofa ya kumi, milango ikafunguka, na Mzee Custodio akaonekana amevaa koti lake la kijivu, kofia mkononi, viatu vimeng'arishwa kwa ajili ya Misa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshainuka. Kisha akamwona Hyder ndani. Mguu ukarudi chini polepole, kama wa mtu aliyegundua kwamba sakafu iliyo mbele yake haijakauka.

"Tangulieni," akasema.

Ndani ya lifti alikuwamo Hyder peke yake. Milango ilijifunga, na neno lile likashuka naye hadi chini. Tangulieni. Nyinyi. Mzee hakuwa akimwona yeye. Alikuwa akiona kundi zima nyuma yake. Hyder aliitazama sura yake katika chuma cha mlango, akajiambia kwamba mtu safi angeingia. Mtu safi angeingia, angesalimia, angeuliza habari za nyumbani. Anayengoja lifti tupu ana jambo lake.

Jengo lao lilikuwa mji mdogo uliosimamishwa wima pembezoni mwa Scarborough, ughaibuni kwenye baridi, nyuma ya safu ya maduka: la nyama halali, la simu alikofanya kazi Hyder, la kufulia nguo, na la mtu wa Jaffna aliyeuza mihogo iliyogandishwa. Asubuhi mji ule ulishuka kwa lifti mbili kwenda kusubiri basi. Jioni ulipanda na mifuko yake. Makhoja, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, waliotoka Tanga, Lindi na Dar es Salaam walikaa humo. Wagoa, Wakatoliki wenye asili hiyohiyo, waliotoka Mombasa na Nairobi nao walikaa humo. Wazee wa pande zote mbili walipokutana walizungumza Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyowakuta wote utotoni, na wajukuu wao wakawajibu kwa Kiingereza. Hyder, aliyeletwa kutoka Upanga akiwa na umri wa kutosha kukumbuka, alijivuna kwamba yeye hujibu kwa Kiswahili, tena kwa vina.

Wakazi walikuwa wengi kiasi kwamba wasimamizi wa uchaguzi waliliwekea jengo kituo chake chenyewe cha kura, ukumbini chini, karibu na visanduku vya barua. Hyder aliona ni heshima. Hakufikiri kwamba mwenye kituo chake hupata na matokeo yake, yakatundikwa mtandaoni wazi kama nguo za ndani kwenye kamba.

Oktoba ile walichagua diwani. Aliyekuwapo, Grant Fairley, alikuwa mzungu mrefu mwenye sauti ya upole, na kwa sauti hiyohiyo ya upole alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema kwamba imambara, jumba la ibada la Makhoja, iliyokusudiwa kujengwa kwenye ghala tupu nyuma ya maduka "haifanani na mtaa huu". Hyder alisimama akauliza ni mtaa upi huo, na nani anakaa ndani yake. Aliambiwa akae chini. Tangu usiku ule hakukaa. Shafina Hirji, mwanasheria aliyekulia ghorofa ya kumi na nne ya jengo lao, alipojitokeza kushindana na Fairley, Hyder alimfanyia kazi kama anayejijengea nyumba. Alibisha hodi kila mlango. Alibandika mabango. Mwezi wa Julai aliwakusanya akina bibi waliosoma Kigujarati tu, wasiozijua herufi za karatasi ya kura, akawatungia mistari miwili ya shairi ili wasibabaike siku ikifika. Waliipenda wakaiimba kama watoto wa chuoni.

Shafina alishindwa. Katika kata nzima, kura zilizomwangusha zisingejaza basi moja.

Wengine walilia wakaenda kulala. Hyder alifungua ukurasa wa matokeo, akateremka kituo kwa kituo hadi akakifikia chao. Huko Shafina alikuwa ameshinda kwa mbali, kama ilivyotarajiwa. Lakini kwenye mstari wa juu yake, mbele ya jina la Fairley, paliandikwa arobaini na moja.

Arobaini na moja. Watu arobaini na mmoja waliokuwa wakipanda lifti moja naye, wakimshikia mlango, wakimuuliza bibi yake anaendeleaje.

"Labda ni lifti zenyewe zilizopiga kura," alisema Kamil, rafiki yake, aliyekuwa amezunguka naye milangoni kote. "Zimechoka kubeba magunia yetu ya mchele."

"Usinifanyie mzaha."

"Basi unataka nifanye nini? Nikanuse milango?"

"Nataka kujua nani."

"Ukishajua?"

Hyder alilidharau swali hilo. Akaanza kutazama. Mwanamke wa ghorofa ya sita aliyekuwa akimsalimu kwa furaha: furaha ya nini, wiki ile ya msiba? Familia ya ghorofa ya tatu iliyoondoa bango la Shafina dirishani asubuhi iliyofuata: mbona haraka hivyo? Kila aliyecheka alikuwa akimcheka yeye. Kila aliyenyamaza alikuwa akificha. Chumba cha kufulia nguo kiligeuka mahakama, na watu walipomwona anaingia walikumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Na hilo nalo akaliweka kama ushahidi.

Hatimaye shaka ilipata mahali pa kutua, ikatua kwa Mzee Custodio.

Custodio alikuwa mjane, karani mstaafu aliyezaliwa Mombasa. Ndiye aliyemfundisha Hyder kupanda mabasi ya jiji hili alipokuja, na ndiye mtu wa kwanza kuyasikiliza mashairi yake hadi mwisho, akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti. Kila Jumapili baada ya Misa alishuka ghorofa ya nane kunywa chai kwa bibi yake Hyder, Bi Daulat, ambaye Hyder alimwita Dadima na ndiye aliyeishi naye. Kikombe cha Custodio kilikuwa chake, chenye ufa mwembamba kama unywele ubavuni. Hakuna mwingine aliyekinywea.

Lakini Septemba, Hyder akiwa kwenye mlango wa duka la simu, aliwaona kwenye kituo cha basi: Custodio na Fairley, wameshikana mikono, Custodio akicheka hadi akashika kofia isianguke. Na siku ya kura mzee alishuka amevaa suti. Hyder alipomuuliza kwa utani, "Anko, umetupa au umetunyima?" mzee alijibu, "Mshairi, kura ni siri." Wakati ule lilisikika kama adabu. Sasa lilisikika kama mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Basi Hyder aliandika. Katika kundi la simu la jengo, mahali watu walipoulizana habari za maji ya moto na vifurushi vilivyopotea, aliweka mistari miwili:

*Yupo anayetucheka, ghorofa ya kumi ndani,*
*chai kwetu aitaka, kura ampa shetani.*

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Wako wengi ghorofa ya kumi, lakini aliyeshuka kunywa chai kwa Bi Daulat alikuwa mmoja. Walioelewa Kiswahili waliwatafsiria wasioelewa, na kufikia jioni jengo zima lilikuwa na mtu wa kumtazama. Walioanza kushukiwa walishusha pumzi. Yule mwanamke wa ghorofa ya sita akamwekea Hyder alama ya makofi.

Custodio aliacha tu kushuka ghorofa ya nane, na akaanza kungoja lifti tupu.

Dadima, ambaye hakuwa na simu ya kupokea mashairi, alikitoa kikombe kila Jumapili, akakiweka mezani, na ilipofika Magharibi akakirudisha kabatini kikavu. Jumapili ya tatu aliuliza, "Custodio anaumwa?"

"Sijui, Dadima."

"Wewe si unapanda lifti moja naye?"

"Hapandi na mimi."

Bibi alimtazama jinsi alivyotazama nyanya sokoni, akiibonyeza kwa jicho. Hakununua.

Jumamosi iliyofuata jikoni mwao mlijaa. Palikuwa na majlis, kikao cha maombolezo, jioni, na akina bibi watano walikuwa wamezunguka meza wakikunja sambusa, viwiko vyao vikigusana. Bi Masoomah, mkubwa wao kwa sauti kama si kwa umri, ndiye aliyeongoza kazi na maongezi. Hyder aliingia kuchukua maji, na kama kawaida yake wiki zile hakuweza kutoka bila kuligusa donda.

"Humu humu," alisema, ameegemea jokofu. "Watu wanaokula nasi. Arobaini na mmoja."

"Walaaniwe," alisema Bi Masoomah, akibana pembe ya sambusa kama sikio la mtoto mtundu. "Mimi na magoti haya nilisimama kwenye foleni hadi miguu ikanisahau. Yule binti wa kusimamia akaniuliza, bibi, unataka msaada? Nikamwambia, mimi? Mimi nina shairi!"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaanza, na wote wakadakia, mikono bado iko kwenye unga, vichwa vikitikisika kwa mahadhi:

*Ya kwanza wewe ipite, ya pili usiiguse,*
*ya tatu wino ipate, nafasi usiikose!*

"Ya tatu!" Bi Masoomah akapiga meza, unga ukaruka. "Nikapaka wino nafasi ile hadi ikawa nyeusi kama sufuria. Hao wasaliti wako, baba, wasitutafute sisi. Sisi hatukukosea hata nukta."

Hyder alicheka nao. Kicheko kilikuwa kimeshatoka mdomoni kabla hajalisikia neno lile: ya tatu.

Ukurasa wa matokeo hakuhitaji kuufungua. Alikuwa ameutazama mara nyingi kuliko sura yake. Majina yalipangwa kama yalivyopangwa kwenye karatasi ya kura, kwa mfuatano wa herufi. Adair. Brody. Fairley. Hirji.

Brody. Mtu ambaye hakutundika hata bango moja, aliyejiandikisha Agosti siku ya mwisho ya kujiandikisha, ambaye hakuna aliyemjali. Julai hakuwapo. Julai walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa Shafina. Kisha Brody akaingia katikati, akamsukuma kila aliyekuwa chini yake hatua moja, na Fairley akawa wa tatu. Hyder mwenyewe alipopiga kura alilitafuta jina, akaliona, akapaka wino, akakimbilia majengo mengine kuwahimiza watu. Hakuhesabu. Anayejua kusoma hahitaji kuhesabu.

Akawatazama. Hawa watano. Na wenzao waliokuwapo Julai, sebule imejaa hadi kwenye korido. Wangapi? Ishirini? Zaidi? Wote wamefunzwa vizuri, na hakuna aliyekosea hata nukta.

"Mbona umekuwa mweupe?" aliuliza Dadima.

"Si kitu."

"Baba," Bi Masoomah alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, "ya tatu si ndiyo ya Shafina?"

Mikono yote mezani ilitulia. Hyder aliona macho yao yakimngoja, macho ya watu waliovuka bahari wakiwa wakubwa na tangu hapo wamekuwa wakisomewa kila kitu: dawa, bili, majina ya vituo. Siku moja walikuwa wamekwenda wenyewe, bila mtu wa kuwasomea, na shairi lake kichwani.

"Ndiyo yake," alisema.

"Alhamdulillahi. Umenitisha." Na vidole vikarudi kazini.

Dadima peke yake hakurudi. Alimtazama mjukuu wake, kisha akainuka, akachukua sahani pana ya maua ya buluu, ile ya wageni, akapanga juu yake sambusa za moto duara mbili na ndimu katikati. Akafunika kwa karatasi. Akamwekea mikononi.

"Mpelekee Custodio."

"Dadima, mimi..."

"Sikukuuliza kitu. Nimesema peleka."

Alipanda kwa ngazi. Kwenye lifti angekutana na mtu, na mtu angemuuliza anakwenda wapi. Njiani alipanga maneno, kwa sababu kupanga maneno ndiyo kazi aliyoamini anaiweza. Angesema alipotoshwa. La, angesema alikosea. Angesema sasa ukweli umedhihirika, nami nitaufuta ule ubeti mbele ya wote. Kufikia mlango wa mzee maneno yalikuwa yamesimama sawasawa, na alijisikia karibu mwepesi.

Alibisha. Palipita muda. Kitundu cha mlango, kile cha kuchungulia, kiling'aa, kisha kikaingia giza. Hyder alijua kwamba jicho liko pale. Hakujua aweke wapi uso wake. Kwa wiki kadhaa yeye ndiye aliyekuwa jicho; hakuwahi kufikiri jinsi uso unavyokuwa mkubwa upande huu wa mlango, jinsi kila mshipa unavyoonekana kama una la kuficha.

Kitasa kilizunguka. Mlango ulifunguka hadi mnyororo ukakaza, na katika upenyo ule likaonekana jicho moja la Custodio, nusu ya masharubu, na mkono wa sweta lililofumwa na marehemu mkewe, Piedade.

"Mshairi," alisema mzee. "Umeleta ubeti wa pili?"

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia. Nimejua si wewe."

"Umejuaje?"

Hyder alimweleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya korido: Julai, akina bibi, shairi, Brody. Alipofika kwenye "ya tatu wino ipate", bega la Custodio lilitikisika. Mzee alikuwa anacheka, au alikuwa anakohoa.

"Isome yote," alisema.

Hyder akaisoma. Vidole vya mzee, kwenye ukingo wa mlango, viligonga kimojakimoja.

"Nane kwa nane. Imetimia." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana waliikumbuka. Ungetunga vibaya kidogo, yule binti angekuwa diwani."

"Nitaliandika, Anko. Nitawaambia wote kwamba si wewe."

"Kwamba si mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo leo mimi ni mtu mwema, kwa sababu Daulat na Masoomah walipaka wino pasipo penyewe." Alisema bila hasira, kama anayehakikisha hesabu ya karani mwenzake. "Piedade alipokuwa akienda kusafishwa damu, basi letu jiji lilikuwa limeliondoa. Tulitembea kwenye theluji hadi barabara kubwa. Nilimwandikia yule bwana Fairley. Alikuja, akakaa pale jikoni, akanywa chai, na basi likarudi. Shafina wenu nilimwandikia mambo mawili, na hajanijibu hata moja hadi leo. Na maneno ya Fairley kuhusu imambara yenu niliyasikia, yakaniuma. Hayo yote niliingia nayo kwenye kile kibanda cha karatasi, mimi na kalamu. Sasa niambie, kijana. Na kama nilimpa?"

Korido ilikuwa na harufu ya vitunguu na rangi ya zamani. Maneno ya Hyder, yale yaliyokuwa yamesimama sawasawa kwenye ngazi, hayakuwapo tena. Alilokuwa nalo ni moja tu, na lilimtoka kabla hajalishika:

"Ulimpa?"

Jicho lile halikupepesa.

"Bibi yako hajui uliyoniandikia," Custodio alisema.

"Hajui."

"Angekuvunjia hiyo sahani kichwani."

"Ndiye aliyenituma."

Mzee akateremsha jicho. Kwa mara ya kwanza aliitazama sahani, maua yake ya buluu, mvuke uliokuwa umelowesha karatasi. Akanyoosha mkono kwenye upenyo. Hyder akaisogeza. Sahani ikagonga mlango upande huu na fremu upande ule. Ilikuwa pana mno kupita. Wakajaribu kuilaza, na ndimu ikabingirika, ikaanguka, ikasimama mlangoni kwa jirani. Wote wawili wakaitazama ndimu ile.

Kisha Custodio akarudisha mkono, na mlango ukafungwa.

Hyder alibaki ameshika sahani kwa mikono miwili. Mnyororo wa namna ile, alijua, hautoki mlango ukiwa wazi. Anayetaka kuufungua lazima kwanza aufunge mlango. Anayetaka kukuacha nje naye hufanya vivyo hivyo. Alitega sikio. Kitundu cha kuchungulia kilikuwa kimerudi kung'aa.

Nyuma yake kengele ya lifti ililia na milango ikafunguka. Walikuwamo watu wanne na mifuko yao, na yule mwanamke wa ghorofa ya sita mbele, akitoka ghorofa za juu. Akamwona Hyder, akauona mlango ni wa nani, akaiona sahani. Tabasamu lake likasita katikati ya njia.

"Unashuka?" aliuliza, mkono wake ukizuia mlango, macho yake yakihesabu.

"Tangulieni," alisema Hyder.

Milango ya lifti ilijifunga. Ndani kwa Custodio, nyuma ya ubao wa mlango, kitu cha chuma kiligusa kitu kingine, au labda ni kiti tu kilichosogezwa. Alishika sahani vizuri zaidi, isiinamie upande mmoja, akangoja.